Maji ya Siku ya Sita

Asubuhi ya siku ya sita, Atuganile Mwalwisi alikinyanyua kichupa cha kupimia mbele ya dirisha, akakitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Maji yaliyomo yalipaswa kuwa ya manjano. Yalikuwa ya kijani. Haikuwa ile kijani nzito ya siku ya tatu iliyomtia moyo kwamba kazi imeanza. Ilikuwa hafifu, kama maji yaliyosuuziwa mchicha. Lakini ilikuwa kijani, na kijani maana yake amonia bado imo.

Alimwaga, akaosha kichupa, akapima upya. Akahesabu dakika tano kwa saa ya ukutani. Kijani.

Nje, ukungu wa Njombe ulikuwa haujaondoka kwenye miti ya misindano. Jengo lile liliitwa Nyumba ya Bahari, na wageni walikuwa wakicheka jina hilo, maana kutoka pale hadi pwani ni safari ya kutwa nzima. Lakini bahari yenyewe ilikuwa imepata joto lisilovumilika kwa matumbawe, na kupoza maji kwenye nchi ya baridi ni rahisi kuliko kuyapoza kwenye joto. Ndiyo maana miamba ya pwani nzima, au tuseme kile kilichobaki cha miamba hiyo, ilikuwa ikiishi ndani ya vioo juu ya vilima vya viazi.

Tangi namba tisa lilikuwa jipya, na tangi jipya la maji ya chumvi haliwekwi kiumbe siku linapojazwa. Kila kilicho hai hutoa taka, taka hugeuka amonia, na amonia huunguza. Kwanza inabidi waingie bakteria wanaokula amonia na kuacha nitraiti, kisha waje wengine wanaokula nitraiti na kuacha nitreti, ambayo matumbawe huivumilia. Bakteria hawa huzaliana kwa uvivu. Watu wa kazi hiyo huita jambo hilo kukomaza tangi, na tangu zamani kukomaza tangi ni kungoja siku arobaini.

Atuganile alikuwa ameifupisha iwe siku sita. Kwa miaka tisa alikuwa amewafuga bakteria wake, akiwachagua kizazi baada ya kizazi, hadi akapata wanaokula kwa pupa isiyo ya kawaida. Akawaita chachu, kwa kuwa waliumua tangi kama chachu inavyoumua unga. Magazeti yalimpiga picha akiwa ameshika chupa ya chachu. Kwenye mkutano wa Dodoma alisimama mbele ya watu mia tatu akasema siku sita, wala si siku sita au saba.

Sasa chachu ilikuwa imekula nusu ya shibe yake na kusimama, na alijua sababu. Bakteria wanapokula amonia hula pia alkali ya maji, na hawa wake, kwa pupa yao, walikuwa wameimaliza kabla ya chakula kwisha. Maji yalikuwa yamelegea na kuanza kuelekea uchachu. Jioni iliyotangulia alikuwa ameyeyusha magadi na kuyamimina taratibu ili kurudisha alkali. Alkali ilikuwa imerudi, na sasa chachu ilihitaji wiki moja tu, labda siku kumi, imalize kazi yake.

Simu ikalia. Alikuwa mkurugenzi, Bwana Mtweve, akimweleza kwa furaha kwamba lori la wenye matumbawe limeshatoka Mtaa wa Kisiwani na waandishi wawili wamefika. Atuganile akauliza lori litafika saa ngapi. Mkurugenzi akauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," akasema.

Baadaye alijaribu mara nyingi kuikumbuka nia aliyokuwa nayo aliposema neno hilo, na hakupata nyingine zaidi ya hii: aliona haya kusema siku saba.

Ukutani pembeni ya tangi kilikuwa kimefungwa chombo ambacho watu wote wa kazi hiyo waliita Shahidi. Shahidi alipima maji kwa kijiti chake na papo hapo akatuma namba kwenye Daftari Kuu, na namba ikishaingia huko hakuna binadamu wa kuigusa. Alikuwa amebuniwa kwa sababu watu hudanganya. Waliombuni walifikiria kila namna ya kuzilinda namba, isipokuwa mtu kumpa Shahidi maji ya kwingine.

Atuganile alichukua kikombe chake cha bati cha chai, akakisuuza, akaenda tangi namba mbili lililokomaa tangu miaka kumi iliyopita, akakijaza. Akarudi. Akakitoa kijiti cha Shahidi ndani ya tangi jipya na kukizamisha kwenye kikombe. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Shahidi akatafakari, kisha taa yake ikawaka: amonia sifuri, nitraiti sifuri, tangi limekomaa.

Akakirudisha kijiti mahali pake, akayamwaga maji ya kikombe kwenye sinki. Kazi nzima haikumaliza dakika mbili.

*

Watu wa Mwanasindo walishuka kwenye lori wakiwa na makoti juu ya kanga na kofia za sufu juu ya barakashia. Kisiwa chao kilikuwa kimezama miaka thelathini na moja kabla ya siku hiyo, na serikali ikawapa viwanja Njombe, mahali palipokuja kuitwa Mtaa wa Kisiwani. Waliobaki walikuwa kaya hamsini. Mbele yao alitembea Bi Mwanahija binti Shomari, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, aliyekuwa akiwaelekeza wabeba ndoo bila kupaza sauti.

Ndani ya ndoo, chini ya mablanketi yaliyoloanishwa, mlikuwa na vipande saba vya tumbawe. Bi Mwanahija alikuwa amevitoa kwenye mwamba wa Mwanasindo kwa mkono wake mwaka kisiwa kilipozama, na tangu hapo alikuwa akivilea ndani ya mapipa ya buluu nyuma ya jiko lake. Kikubwa kati ya vyote kilikuwa na upana wa sinia la pilau. Wenyewe walikiita Bibi.

Hawakuvilea kwa mapenzi tu. Sheria ya Maji Yaliyozama ilisema kwamba watu ambao nchi yao imezama wanabaki wenye maji yale, na kila kilicho chini ya maji, maadamu wanacho kipande hai cha mwamba wao kisichopungua upana wa kiganja. Mkaguzi hupita kila baada ya miaka mitano. Maji yasiyo na mwenyewe hupewa wachimba mchanga. Na chini ya maji ya Mwanasindo kulikuwa na makaburi ya watu wote ambao kaya hizo hamsini zilitokana nao.

Mwaka huo sheria ilikuwa imeongezewa kifungu: mapipa ya nyumbani hayatambuliwi tena, tumbawe lazima liwe kwenye tangi lililothibitishwa na Shahidi. Wala haikuruhusiwa kuchanganya matumbawe ya watu wawili kwenye maji mamoja. Ndiyo maana hawakuweza kuingia tangi namba mbili, wakapewa namba tisa.

Bi Mwanahija aliinama akachovya kidole kwenye tangi, akakionja, akatazama taa ya Shahidi.

"Maji yako tayari, Dokta?"

"Yako tayari, Bi Mwanahija."

"Basi mie nakusadiki wewe. Hiki kidude sikijui." Akaingiza mikono hadi viwikoni, akamshusha Bibi juu ya jiwe kwa taratibu ya mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Waandishi wakapiga picha. Atuganile alisimama pembeni ya yule mama na kutabasamu.

*

Siku ya pili Bibi alifunga mikono yake midogo yote, ile ambayo tumbawe hunasia chakula, na hakuifungua. Siku ya tatu ngozi yake ilianza kuachia kwenye mfupa kama utando juu ya maziwa yaliyochemshwa, ikielea vipande vipande, na chumba kikanuka.

Atuganile alikuwa amewafundisha wanafunzi jambo hilo kwa miaka. Amonia ina sura mbili. Kwenye maji yenye alkali pungufu nyingi yake hulala, haiumi sana. Ukipandisha alkali, inaamka. Magadi aliyoyamimina yeye mwenyewe ndiyo yaliyoifanya ile kijani hafifu kuwa sumu. Alikuwa amelijua hilo alipokuwa akikoroga magadi, na alikuwa amelijua aliposhika kikombe. Alijiambia kiasi ni kidogo, matumbawe haya ni magumu, yameishi ndani ya mapipa.

Alibadilisha maji nusu kwa nusu, mara nne. Vipande sita vilikufa. Kwa Bibi, ubavuni upande wa chini, lilibaki eneo hai la upana wa vidole viwili.

Bi Mwanahija alipiga simu kuuliza hali. Atuganile akamwambia matumbawe yakihamishwa hupenda giza na utulivu, wasije kwa siku chache. Yule mama akashukuru, akasema hata wao walipohamia Njombe walilala wiki nzima.

Bwana Mtweve aliambiwa yote isipokuwa kikombe. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kuvaa sweta la mikono mifupi majira yote. Alilizunguka tangi mara mbili, akakaa, akauliza mkaguzi anakuja lini. Baada ya siku tisa. Akauliza kama kile kitanda cha kuoteshea ngozi ya matumbawe kinafanya kazi. Kinafanya.

Hapo Atuganile akaelewa mkurugenzi anakoelekea. Kwenye friji ya maabara mlikuwa na mbegu za tumbawe la jamii ileile kutoka bahari nyingine, mali ya utafiti. Kitanda kingeweza kuiotesha ngozi hiyo juu ya mfupa wa Bibi kwa siku nne. Mkaguzi hupima upana kwa rula na maji kwa Shahidi. Kipimo cha nasaba hakifanyiki mpaka mtu alalamike.

"Mfupa ni wao," mkurugenzi akasema. "Ngozi tu ndiyo ya kuazima."

Akaongeza kwamba anajua hilo si sahihi. Lakini tumbawe likishatangazwa limekufa, watu wa Mwanasindo wanapoteza maji yao na makaburi yao kwa kosa ambalo si lao. Je, ukweli huo utamwadhibu nani? Wao wawili wataandikiwa barua tu. Kaya hamsini ndizo zitakazoadhibiwa.

Akamsogezea Atuganile fomu ya kutoa mbegu kwenye friji. Hata leo ukimuuliza, atakwambia hoja ile haikuwa ya kijinga. Kilichomuumiza ni jinsi alivyofurahi kuisikia. Ilimwondolea mzigo kwa namna ambayo ilionekana kama huruma kwa wengine. Akasaini.

*

Ngozi iliota vizuri. Siku ya nne Bibi alikuwa amefunikwa mzima, mikono yake midogo maelfu ikiwa wazi, rangi ya zabibu mbivu. Bi Mwanahija aliporuhusiwa kuja alifika na kikapu cha viazi na chupa ya chai ya tangawizi, akasimama mbele ya kioo, akatazama sana.

"Rangi yake imegeuka," akasema.

"Ni taa za humu ndani," Atuganile akajibu.

Mama akaitikia kwa kichwa. Akauliza wale wadogo sita wako wapi, na Atuganile akasema wako tangi la nyuma, wanapumzishwa. Neno hilo lilimtoka kwa wepesi uliomtisha.

Bi Mwanahija akamkabidhi kikapu. Alikisogelea kioo, akafungua viganja vyake viwili mbele ya kifua, akasoma Fatiha polepole, na baada yake akaanza kuwataja watu. Shomari bin Makungu. Mwanamvua binti Shomari. Hemedi, aliyekufa mchanga. Atuganile alielewa kwamba anawarehemu waliozikwa Mwanasindo, na kwamba kwa miaka thelathini na moja, kwa kuwa makaburi hayafikiki, alikuwa akifanya hivyo mbele ya mapipa. Sasa alikuwa akiwarehemu mbele ya ngozi ya kutoka bahari isiyowajua.

Alitamani kumzuia. Hakumzuia. Majina yalikuwa mengi, na aliyasikiliza yote akiwa amesimama nyuma ya yule mama na kikapu cha viazi mkononi.

Kesho yake asubuhi alikwenda Mtaa wa Kisiwani kwa miguu. Bi Mwanahija alikuwa uani akichambua mchele. Atuganile akaamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda. Akasimulia. Mara hii alisema kila kitu: kijani, magadi, simu, kikombe, wale sita, ngozi ya kuazima, na uongo wa taa. Alisema pia yale ya mkurugenzi, kwamba wakinyamaza watu watabaki na maji yao.

Bi Mwanahija aliendelea kuchambua mchele mpaka mwisho wa habari. Akauweka ungo chini.

"Umekuja kuniambia," akauliza, "au umekuja kuniuliza?"

Atuganile aliuangalia mchele uliochambuliwa. Ni kweli kwamba njia nzima kutoka Nyumba ya Bahari alikuwa akiwaza kwamba tumbawe ni lao, maji ni yao, basi waamue wao. Na chini ya wazo hilo kulikuwa na lingine, kwamba mama huyu akisema tunyamaze, yeye Atuganile atapata usingizi.

"Nilikuja kukuuliza," akasema.

"Mie siwezi kukuamulia hilo. Nimewabeba wafu wangu miaka yote, na sasa mnataka niwatwike na uongo." Hakuwa amepandisha sauti. "Ijumaa watu watakuwa hapa baada ya swala. Njoo uwaambie. Uwaambie kama ulivyoniambia mie."

*

Ijumaa Atuganile alikuja. Walimpa kiti. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mkeka upande mmoja na wanawake upande wa pili, na macho yote yalikuwa ya upole, kwa kuwa walikuwa hawajajua. Alisimulia jinsi tangi lilivyokuwa halijakomaa. Alisimulia vifo vya wale sita na ngozi ya kuazima, na kwamba yeye mwenyewe ameshaibandua, na Bibi amebaki na vidole viwili. Alipofika mahali pa kikombe, ulimi ukapinda.

"Shahidi alisoma vibaya," akasema.

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Alijisikia akilisema kama mtu anayemsikia jirani ng'ambo ya ukuta.

Kukawa na kilio upande wa wanawake. Kisha mzee mmoja aitwaye Makame akasema kwamba chombo hicho wameletewa na sheria, hawakukiomba, na yeye tangu mwanzo hakukiamini. Wengine wakaunga mkono. Hasira yote ikaelekea kwenye chombo. Mzee Makame akamgeukia Atuganile na kumwambia asijiue kwa huzuni, kudanganywa na mashine hakumwachi mtu, na wao wameona kwamba ni yeye aliyekuja kwa miguu yake kusema. Mama mmoja akamshika mkono. Wakamletea sahani ya wali.

Bi Mwanahija alikuwa amekaa kwenye kona ya mkeka, akitazama mikono yake. Yeye alikuwa amekwisha sikia habari ya kikombe. Atuganile alikula ule wali. Hakujua namna ya kutoula.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Salome Ndunguru, mwenye miwani ya kamba na desturi ya kuandika kila kitu mara mbili. Alipima eneo hai la Bibi kwa rula: sentimita tatu na nusu. Akaandika. Watu wa Mwanasindo, kama kumi hivi, walikuwa wamesimama ukutani. Mzee Makame akatoa malalamiko yake kuhusu Shahidi.

Mkaguzi akainua kichwa. Akasema kwamba hilo ni jambo zito. Vyombo vya aina hiyo vipo thelathini na nane nchini, vyote vya toleo moja. Ikithibitika kimoja kimesoma kijani kuwa manjano, basi kuanzia kesho vyote vinasimamishwa, na matumbawe yote yaliyothibitishwa navyo yanahesabika hayajathibitishwa, na watu wa visiwa vingine kumi na tisa watakuwa hawana haki ya maji yao mpaka uchunguzi uishe. Huenda ikachukua miaka. Akamuuliza Atuganile, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo, kama ana hakika chombo kilisoma vibaya.

Bwana Mtweve alikuwa akitazama dirishani. Habari ya kikombe alikuwa bado hajaijua.

Kilichompata Atuganile wakati huo hakikuwa ushujaa. Alichokiona ni watu wengine wenye makoti juu ya kanga, kwenye mitaa mingine ya baridi, ambao hawajawahi kumwona, wakipewa barua. Na akamwona Bi Mwanahija ukutani, amejitanda kanga yake mpaka kidevuni, akingoja bila kumtazama.

"Chombo kilisoma sawa," akasema. "Nilikipa maji ya tangi namba mbili. Niliyachota kwa kikombe."

Mkaguzi akauliza kikombe gani. Atuganile akaenda mezani akakileta, kikombe cha bati chenye doa la chai, akakiweka mbele ya watu wote. Mzee Makame alikitazama kikombe, kisha akamtazama yeye, na usoni mwake Atuganile aliona mtu anayejaribu kukumbuka kila neno la upole alilolitoa Ijumaa ili alirudishe.

"Ulikula kwetu," mzee akasema.

"Ndiyo."

Mzee Makame akavaa kofia yake na kutoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mwisho alitoka Bi Mwanahija, akiwa amembeba Bibi kwenye ndoo chini ya blanketi lenye maji, akimrudisha kwenye mapipa. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hairuhusiwi, hata mkaguzi, ambaye aliinamia karatasi zake na kuandika kitu mara mbili.

*

Shauri lilichukua miezi minane. Baraza la Dodoma lilisema watu wa Mwanasindo hawakuzembea, lakini sheria ni kiganja, na sentimita tatu na nusu si kiganja. Mwishowe wakayagawa maji. Upande wa kusini, wenye makaburi, waliachiwa kwa miaka kumi ili tumbawe lipate kukua. Upande wa kaskazini, ambako zamani walikuwa wakivua pweza, ulitolewa kwa wachimba mchanga. Mitambo ilishushwa huko mwezi uleule.

Atuganile alifutwa kwenye orodha ya wataalamu wanaoruhusiwa kuthibitisha maji. Chachu ilizuiwa, na chupa zote zikachemshwa. Bwana Mtweve alihamishwa. Magazeti yalichapisha picha ileile ya zamani ya Atuganile, akiwa ameshika chupa.

Atuganile alibaki Njombe. Alipata kazi ya kufundisha kemia kwenye shule ya sekondari, na wanafunzi waliijua habari yake. Miezi mitatu baada ya hukumu Bi Mwanahija alimpigia simu. Hakumsalimu sana. Alisema watu wa mtaa wamejenga tangi lao wenyewe kwenye ghala la viazi ili wamhamishie Bibi, wanawake wanne wamechaguliwa kulitunza, na hakuna anayejua kupima amonia. Alisema wapo wasiotaka kumwona. Alisema aje Jumamosi, asiguse maji, awafundishe kwa mdomo.

Akawa anakwenda kila Jumamosi. Alikaa kwenye gunia tupu karibu na mlango, mikono mapajani, akieleza matone mangapi, kutikisa namna gani, kungoja kiasi gani. Tangi lilikomazwa kwa njia ya zamani: mawe, kipande cha kamba wa baharini aliyeoza, na subira. Wakati mwingine Mzee Makame alipita mlangoni, akamtolea salamu kama mtu anavyomsalimu mpita njia, akaenda zake.

Siku ya arobaini na moja ilikuwa Jumamosi. Amonia ilikuwa imepanda ikashuka, nitraiti nayo ikapanda ikashuka. Wanawake walipima, wakakisimamisha kichupa mbele ya karatasi nyeupe kwenye mwanga wa mlango. Kutoka pale alipokaa Atuganile aliona vizuri. Maji yalikuwa ya manjano safi, manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Mmoja wa wanawake akamgeukia kumuuliza kama maji yako tayari. Atuganile akasema watazame wenyewe.

Bi Mwanahija akakichukua kichupa. Akakisogeza karibu, akakipeleka mbali, akakigeuza kwenye mwanga, akakitazama kwa jicho moja kisha kwa jingine. Alitumia muda mrefu kiasi kwamba wale wanne walianza kusogeza miguu yao.

"Bado," akasema. "Tungoje mpaka kesho."

Atuganile alijua kwamba haikuwa bado. Akashusha macho, akasogea kidogo kwenye gunia ili mwanamke mwingine apate kukaa, nao wakangoja.